Kijiti cha Kumpimia Baba

Kanamkemer,
Lodwar.

Dada yangu mpendwa Nakuleu,

Ejok? Nakuamkia kwa heshima na kwa hamu, nikitumaini kwamba wewe na wenzako wa bwenini ni wazima, na kwamba ule mguu ulioteguka uwanjani umepona na sasa unautembelea bila kuchechemea. Mimi sijambo. Kanamkemer ni kule kule. Joto ni lile unalolijua, na upepo wa jioni bado unatuletea mchanga mpaka ndani ya sufuria. Shangazi Akeno anakusalimu kutoka Lorugum. Mvua ilipita Loima ikanyesha vizuri, na mbuzi wake wana maziwa, ingawa analalamika kwamba hana wa kumnywesha siku hizi kwa kuwa sisi sote tumehamia kwenye lami.

Najua utashangaa kupokea karatasi kutoka kwangu wakati simu ipo. Nimejaribu simu. Zaidi ya mara moja nimekupigia, na uliposema halo nikakuuliza habari za chakula cha chuoni, kisha nikasingizia chaji. Wewe unanijua, tangu utotoni neno zito likifika kooni mwangu linarudi lilikotoka. Kwenye karatasi naweza kwenda polepole, kwa mpangilio, kama nilivyozoea ofisini.

Jambo lenyewe linamhusu Baba. Aliniomba nisikuambie chochote mpaka umalize mtihani wako, nami nikaitikia. Leo navunja ahadi hiyo, mimi ambaye sijawahi kumwasi katika jambo lolote kubwa. Nakuomba kitu kimoja tu: soma mpaka mwisho kabla hujampigia simu. Ukimpigia ukiwa umesoma nusu, atakucheka kwa sauti yake ya zamani, nawe utamwamini.

Pamoja na barua hii utaona kijiti cha esekon kimefungwa kwa kitambaa. Usidhani ni mswaki. Kina alama za kisu, na habari yote ninayotaka kukupa imo ndani ya alama hizo. Ila ni lazima kwanza nikueleze zilivyowekwa.

Unakumbuka mwaka ule nilipoajiriwa kuwa karani wa usafiri katika shirika letu la mifugo, ofisi ilipokea pikipiki mpya za kwendea mashambani na kwenye maboma. Baba akapewa moja kule Kakuma, kwa kuwa ndiye mchanjaji wa mifugo wa upande wa Lopur. Ilikuwa pikipiki nzuri, ndefu ya miguu, matairi yenye meno. Lakini walioitengeneza walikuwa na picha ya mtu mwingine kabisa akilini. Hawakuwa na picha ya baba yetu Lochakapong. Baba alipoiketia, ilikaa kama ngamia anayepakizwa mzigo. Taa ya mbele ikawa inaangaza juu ya miti. Kwenye kila laga, yale makorongo yetu ya mchanga, gurudumu la nyuma lilipanda mpaka likagonga madigadi, na chupa za chanjo zikapasuka ndani ya boksi la barafu. Alirudi kutoka Lopur akishika kiuno, akasema kwamba amezunguka nchi hii kwa punda, kwa ngamia na kwa miguu, na hajawahi kupigwa na mnyama wake mwenyewe mpaka siku hiyo.

Bi Ebyan, mkuu wetu, akanituma Kakuma nikasimamie pikipiki irekebishwe imfae. Niliogopa. Nilikuwa mgeni kazini, pikipiki sikuijua, na mteja mwenyewe alikuwa baba yangu mzazi. Nikapelekwa kwa Reath, yule fundi mrefu kutoka Sudan Kusini aliye na kibanda cha mabati upande wa kambi, karibu na barabara ya kushukia laga ya Tarach. Reath alinitazama viatu, akaniita Bwana Kalamu, na jina hilo halijanitoka hadi leo.

Reath alieleza kwamba ndani ya shokomzoba ya nyuma kuna springi, na kila springi ina uzito iliyoukusudia. Kwa mtu mzito unaweka springi nene zaidi, kisha unaikaza kwa ile nati ya mviringo iliyo juu yake mpaka ikae sawa na mwenyewe. Kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa la kawaida: Mzee ana kilo ngapi?

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Baba aliuliza kama ameletwa mnadani. Alisema katika maisha yake ameona wanaopimwa kwa kilo ni mbuzi wa kuuzwa na watoto wa kliniki, na yeye si mmoja wao. Reath akacheka, akasema hata yeye alipimwa siku aliyoingia kambini, na hakuna aliyemnunua. Baba akamjibu kwamba ni kwa sababu hakuwa na nyama. Watu waliokuwa wakisubiri tairi zao wakaangua kicheko, lakini kwenye mizani Baba hakupanda. Mimi nilisimama katikati nikiona haya kwa pande zote mbili. Ningewezaje kumwambia baba yangu mbele za watu apande kwenye ndoano tunayopimia mbuzi?

Reath ndiye aliyepata njia. Alikata kijiti kwenye mti wa esekon ulio nyuma ya kibanda. Aliinua pikipiki juu ya kreti mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia, akasimamisha kijiti kwenye ekseli mpaka ukingo wa madigadi, akakata alama. Hiyo ndiyo alama ya juu kabisa, dada. Ni alama ya pikipiki isiyo na mtu. Kisha akaishusha chini, akamwomba Baba aketi na kila kitu anachosafiri nacho: helmeti, buti, boksi la chanjo na mifuko ya kando. Kanuni, kama alivyonieleza na kama nilivyokuja kuisoma mwenyewe baadaye, ni kwamba mwendeshaji akiketi pikipiki izame kama theluthi ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma. Ikizama zaidi, haibakiwi na nafasi ya kumeza shimo. Ikizama kidogo mno, springi humrusha mtu badala ya kumbeba.

Walishinda wakibadilisha. Springi ya awali iliondolewa, ikawekwa nyingine nene iliyotoka kwenye pikipiki kubwa iliyokufa. Mabomba mawili ya mbele yakamwagwa oili na kujazwa nzito zaidi, na juu ya springi zake akaongeza vipande vya bomba ili mbele nako kusilale. Kila baada ya kukaza nati, Baba aliketi tena, na kijiti kikasimamishwa tena. Mwishowe Reath akasema hapo. Akakata alama ya pili, ile ya chini kabisa, akaipaka makaa. Kuanzia siku hiyo sisi tuliiita alama ya Baba.

Baba aliishusha Tarach, tukamwona akipanda ng'ambo ya pili amesimama kwenye vikanyagio kama kijana, mchanga ukiruka nyuma yake. Aliporudi aliipiga tangi kwa kiganja, namna alivyokuwa akimpiga yule fahali wake mweupe tulipokuwa wadogo, akasema ejok-noi, nzuri sana. Nikampigia Bi Ebyan simu, na nadhani ndiyo siku pekee kazini niliyojisikia mtu mzima.

Unajua vizuri alivyokuwa anajulikana kwenye maboma. Kina mama wa Lopur walimwambia kwamba nusu ya chanjo anainywa mwenyewe. Watoto walikimbia nyuma ya pikipiki wakiimba tumbo lake. Yeye alifurahi, kwa sababu, kama alivyonieleza, mfugaji humwamini mchanjaji mnene. Mchanjaji mwembamba huonekana amekuja kula mbuzi. Mnene amekuja kuwatibu.

Tangu hapo ikawa kazi yangu, kila ninapofika Kakuma kukagua pikipiki, kumketisha Baba na kusimamisha kijiti. Springi huchoka, dada. Kadiri inavyozeeka huzama zaidi, na alama ikishuka chini ya ile ya makaa unajua ni wakati wa kukaza nati. Nilikuwa nakiweka kijiti kwenye droo ya meza yangu, na wenzangu walinitania kwamba karani wa Lodwar anapiga ramli.

Mwaka jana, kiangazi kilipokuwa kikali, alama haikushuka. Ilipanda. Kidogo tu, unene wa ukucha. Nikadhani nimekishika kijiti upande. Nikakata alama ndogo pembeni, nikanyamaza. Nilipokwenda tena ilikuwa imepanda zaidi. Nikamwuliza Reath kama springi inaweza kurudia ujana. Aliifuta mikono yake muda mrefu, akasema hajawahi kuiona ya namna hiyo. Alisema hivyo bila kunitazama usoni, na mimi nikaona ni heri nisimtazame.

Nilimtazama Baba badala yake. Alikuwa amevaa koti la mvua juu ya shati, na juu yake fulana ya kazi, katika joto la Kakuma. Alisema ni kwa sababu ya vumbi. Uso wake niliuona umesinyaa, nikajiambia ni uzee, na uzee huwapunguza watu. Dada, naandika haya nikijua kwamba wewe ungeuliza siku ile ile. Mimi niliogopa jibu, basi nikauliza habari za mbuzi.

Halafu, mwanzoni mwa mvua hizi, nilikwenda tena, na alama ikawa imerudi mahali pake. Ilikaa kwenye makaa sawasawa, kama siku ya kwanza. Siwezi kukueleza nilivyofurahi. Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumpa mkono kama wageni wanavyopeana. Baba alinitazama kwa namna ya kunihurumia, akaenda kuketi kwenye kibanda cha chai cha jirani.

Nikabaki kumsaidia Reath. Kulikuwa na boliti moja iliyolegea nyuma, na ili aifikie ilibidi mfuko wa kando uondolewe. Niliushika kwa mkono mmoja, kama mtu anavyoshika mfuko wenye sindano na pamba. Haukunyanyuka. Niliuvuta kwa mikono yote miwili, ukaniangukia mguuni. Nilipoufungua niliona shati la Baba, lile la bluu la mistari ulilomshonea ulipojifunza kushona mara ya kwanza, limefungwa fundo. Ndani ya shati kulikuwa na mawe ya Tarach, yale meusi ya mviringo yaliyolainishwa na maji. Mfuko wa pili ulikuwa vivyo hivyo.

Reath alizima redio yake. Nami nikaangalia kule kwenye kibanda cha chai. Baba alikuwa ameshika kikombe, akikipeleka mdomoni na kukirudisha, akizungumza na watu na kucheka nao. Walipogeuka kutazama lori lililopita, alikimwaga kile kikombe taratibu chini ya benchi, mchanga ukanywa.

Nilirudi nikainama nyuma ya pikipiki nikijifanya natafuta nati. Baba alipokuja alinikuta hapo. Alitazama mfuko uliofunguliwa, akavuta kreti, akaketi. Alisema kwamba mimi nimekuwa mwoga wa kila kitu chenye injini tangu nikiwa mdogo, na sasa nimeanza kuogopa hata mawe. Nilipokosa kucheka, aliniambia.

Koo lake limefunga, Nakuleu. Ilianza na ugali, akadhani ni ugali mbaya. Ikaja nyama. Baadaye wali, baadaye uji mzito. Alikwenda hospitali peke yake, akapitishwa kifaa chenye taa kooni, na daktari akamweleza kwamba ni uvimbe mbaya na kwamba umekaa muda mrefu umefika mahali pasipokatika. Wanaweza kumwekea mrija ili maziwa yapite, na dawa za maumivu. Zaidi ya hapo daktari hakumdanganya, na Baba alimshukuru kwa hilo. Haya yote alinieleza kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi, huku akichezea fundo la shati.

Kuhusu mawe alisema ni jambo dogo. Alivyozidi kukonda, ile springi nene ikaanza kumrusha kama punda asiyefunzwa. Kwenye barabara yenye mawimbi ilimpiga mbavu mpaka alishindwa kulala. Angeweza kumwomba Reath ailegeze, lakini kulegeza kungefanyika mbele ya watu, na watu wangeuliza. Mtu anayekonda huku kwetu huulizwa amekosana na nani hata akalaaniwa. Wenye mifugo wangeanza kumkataza asiguse wanyama wao. Basi kila kilichompungua mwilini alikiokota Tarach akakiweka kwenye mfuko, na pikipiki ikatulia. Alinena kwamba pikipiki haijui tofauti ya nyama na jiwe.

Ndipo akanifunga kwa ile ahadi. Alisema Nakuleu asiambiwe kabla ya mtihani, kwa kuwa akiambiwa atauacha, na yeye hataki kuwa sababu. Nikaitikia.

Reath alichukua patasi na nyundo, akasema kwa upole kwamba sasa kwa kuwa sisi watatu tunajua, anaweza kuilegeza springi hata pale pale, imfae Mzee alivyo leo. Alikwisha weka patasi kwenye nati. Baba akaweka kiganja chake juu yake. Akasema hapana. Springi hiyo iliwekwa kwa ajili ya Lochakapong, na ikilegezwa leo italegezwa tena mwezi ujao, na tena, mpaka itakuwa imewekwa kwa ajili ya nani? Afadhali ibaki ilivyo.

Kisha Baba akayatoa mawe, moja baada ya lingine, akayapanga chini ya ukuta wa mabati, akalikung'uta shati lako na kulikunja vizuri. Akaniamuru nipande. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba mimi nina leseni lakini sijawahi kuvuka hata laga moja, na kwamba wewe mwenyewe uliwahi kunicheka niliposukuma pikipiki kwenye lami. Alinionyesha kiti kwa kidole. Nilipanda. Yeye akapanda nyuma yangu, akanishika mabegani, nikasikia mikono yake ilivyo myepesi, Nakuleu, kama mtu ameniwekea nguo begani.

Reath alichukua kijiti. Alikisimamisha kwenye ekseli, akainama, akakaa ameinama. Halafu akaniambia niangalie mwenyewe, lakini nisishuke. Niligeuza shingo. Ukingo wa madigadi ulikuwa umekaa kwenye makaa. Mimi na Baba, wawili, tulikuwa tumezama mpaka pale alipokuwa akizama peke yake.

Baba akasema kwamba basi hakuna cha kurekebisha hapo isipokuwa dereva.

Tulikwenda Lopur hivyo. Alinielekeza kwa kunigonga begani: bega la kulia, kata kulia, mabega yote mawili, ongeza mafuta usiogope, mchanga hautaki mtu wa kusitasita. Kwenye laga ya kwanza nilifumba macho, naye akanipiga helmeti kwa ngumi akiniuliza kama nasali. Tulivuka. Springi ilitubeba vizuri mno, dada, bila kuturusha wala kugonga, na hilo ndilo lililonifanya nilie ndani ya helmeti ambamo hakuna anayeona.

Bibi Namuria, yule mwenye ngamia wengi ambaye siku zote alimtania Baba, alitupokea kwa kelele. Alipaza sauti kwamba njooni mwone, Lochakapong amepasuka amekuwa watu wawili. Watu wakacheka, Baba akacheka zaidi ya wote. Kisha bibi huyo akamshika mkono amsaidie kushuka, na vidole vyake vikazunguka mkono wa Baba mpaka vikakutana. Akaacha kucheka. Hakuuliza amekosana na nani. Alikwenda akakamua ngamia, akaleta maziwa, akasimama mbele yake akimzuilia watu wengine wasione jinsi alivyokuwa akiyameza tone kwa tone. Siku hiyo mifugo yote ililetwa. Hakuna aliyekataa mkono wake. Nilishika wanyama, yeye akachoma sindano, na jioni vidole vyake vilipochoka aliniachia sindano na yeye akashika wanyama.

Nimemweleza Bi Ebyan, maana karani wa usafiri hawezi kumficha mwendeshaji mgonjwa milele. Nilidhani atanifukuza. Alifunga mlango wa ofisi, akasema niende Lopur na Baba kila atakapoweza, na asipoweza niende peke yangu. Sasa Baba anakaa nami hapa Kanamkemer, na pikipiki yake iko nje ya mlango. Analala kwenye kitanda changu, mimi nalala sakafuni. Mrija amewekewa. Anakunywa maziwa ya shangazi, yanaletwa na pikapu ya Lorugum, kwa hiyo lile lalamiko lake nililokuandikia mwanzoni si kweli tena. Nililiandika kwa mazoea ya salamu.

Nimefika mwisho wa mpangilio wangu, na bado sijaandika kilichonifanya nivunje ahadi.

Jana Baba aliniomba nimpeleke mpaka ng'ambo ya mto, aone kulivyo baada ya mvua. Kabla hatujaondoka nilikisimamisha kijiti, kwa mazoea, jirani akitushikia pikipiki. Hatukufika kwenye makaa. Sisi wawili hatukufika. Pamebaki nafasi ya kidole kimoja. Nilikata alama hapo huku nikimwambia Baba kila kitu kiko sawa, naye akasema najua unavyosema uongo, sauti yako inakuwa ya ofisini.

Sasa kifungue kitambaa. Weka kidole kwenye alama iliyo nyeusi. Huyo ndiye Baba uliyemwacha stendi ya mabasi akikununulia maji. Panda mpaka alama inayofuata, ile mpya ambayo mti wake bado ni mweupe. Hao ni mimi na yeye, jana. Zile ndogo za pembeni ni yeye peke yake, kabla ya mawe na tangu alipoyatoa, kila moja juu ya mwenzake, na ya mwisho imeikaribia sana ile ya juu kabisa. Ya juu kabisa, kama nilivyokueleza, ni ya pikipiki isiyo na mtu. Sina ujasiri wa kumpima peke yake tena.

Mtihani utarudi mwakani, nami nitabeba hasira zake zote kwa kukwambia hivyo. Nuur, aliyekuletea barua hii, anashusha mzigo wake Kitale na kugeuza lori kesho asubuhi. Nimezungumza naye, kiti cha mbele kimeachwa wazi, na ni mtu wa heshima, hatakusumbua kwa maswali. Usimwambie Baba kwamba unakuja. Ingia tu, umsalimie kama mtu aliyefunga chuo, na umwombe akufundishe kuketi kwenye pikipiki, tuone kama sisi watatu tutafika kwenye makaa. Atakubali. Hawezi kukunyima kitu wewe.

Wasalimie wenzako wa bwenini na uwaombe radhi kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu tena, safari hii kwa kweli. Baba hajui kwamba nimeandika, ila sasa hivi ameniita kutoka ndani kuniuliza ni kazi gani ya ofisi isiyoisha, nami nimemwambia inakaribia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, anayekungoja,

Ekal